Shilingi 20,000 Inakulaza Wapi Kilwa?

Ukishuka Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, jua likiwa limeanza kuinama, una dakika chache tu za kuamua jambo litakalookoa au kula fedha zako kwa siku zote za safari. Bodaboda watatu wanakuita kwa pamoja. Mpiga debe ameshashika mkanda wa begi lako. Kila mmoja anaijua gesti "safi, tulivu, bei ya kwetu". Asiye na hesabu kichwani hulala anakopelekwa na kulipa anachotajiwa.

Tupige hesabu hiyo mapema, ungali nyumbani. Namwandikia msafiri mwenye laki mbili au tatu za safari nzima, nauli ikiwa humo humo, anayetaka kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, pengine kushuka hadi Lindi mjini, na kurudi bila deni.

Kwanza maneno, maana ukikosea neno utapotezewa muda. Ukiulizia "hoteli" Kilwa Masoko unaweza kuonyeshwa wali kwa samaki, kwa kuwa hoteli kwa wengi wetu ni mahali pa kula. Ukiulizia "hosteli", watu watafikiria mabweni ya wanafunzi. Hosteli ya wasafiri, yaani chumba kimoja chenye vitanda vingi na kila mtu analipia kitanda chake, ni wazo la mwalimu wa Ujerumani, Richard Schirrmann. Mwaka 1909 alikuwa matembezini na wanafunzi wake, mvua ya radi ikawabana, wakalala ndani ya jengo la shule. Wazo hilo limefika Dar es Salaam, Moshi, Arusha na Unguja. Pwani ya Lindi halijashika. Huku kazi ya hosteli inafanywa na gesti, na mara chache na nyumba za wageni za taasisi za dini. Kwa hiyo usipoteze vifurushi vya intaneti kutafuta kitanda cha bwenini Kilwa. Tafuta gesti.

Bei za mlangoni ziko hivi. Gesti yenye choo na bafu la pamoja uani huanzia kama shilingi 10,000 hadi 15,000. Chumba chenye choo na bafu humo ndani, kile wanachokiita selfu, kikiwa na feni, hucheza kati ya 20,000 na 30,000. Ukitaka kiyoyozi, jiandae kwa 40,000 na kuendelea. Loji za ufukweni, kama zile za upande wa Jimbiza, huanzia laki moja na kupanda, nyingine hadi mara mbili au tatu ya hapo.

Watu wengi huishia kwenye bei hizo, wakachagua ya chini, wakaona wameokoa. Lakini bei ya mlangoni haijataja bado usafiri, chai, saa ya kutoka na mtu wa pili. Hayo ndiyo yanayoamua usiku wako umegharimu kiasi gani.

Tuchukue Nangurukuru yenyewe. Vyumba vipo pale pale kwenye njia panda, na ni rahisi. Ila Masoko, ulikokusudia kwenda, iko takribani kilomita 30 kutoka hapo. Tuseme umepata chumba cha 12,000 na daladala ya kwenda na kurudi inakula 6,000 kwa siku. Hapo umeshafika 18,000. Ukichelewa kurudi kutoka kisiwani na daladala zikawa zimekatika, bodaboda ya usiku itakumaliza. Halafu malori ya barabara ya kusini hayalali. Chumba cha 20,000 Masoko, ambako unatembea kwa miguu hadi gatini, hadi sokoni na hadi ofisi ya vibali vya kisiwani, kinakuzidishia 2,000 tu na kukuondolea hayo yote. Nangurukuru inafaa kwa mtu mmoja tu: anayedaka basi la alfajiri.

Kilwa Kivinje ni habari nyingine. Mji ule wa zamani, wenye majumba ya biashara yaliyochoka na eneo la Mwembe Kinyonga ambapo wapiganaji wa Maji Maji walinyongwa, unastahili siku nzima ya kutembea taratibu. Vyumba ni vichache na vya kawaida sana. Ushauri wangu ni kulala Masoko na kwenda Kivinje asubuhi kurudi jioni, isipokuwa una mwenyeji pale.

Sasa tuje kwenye makato yasiyoandikwa ukutani. Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo fedha zinapovujia.

La kwanza ni cha juu. Mtu akikupeleka gesti kutoka stendi, mapokezi wanamlipa, na fedha hiyo inatoka kwenye bei yako. Chumba cha 20,000 kinageuka 25,000, na kinabaki hivyo kila usiku, si ule wa kwanza tu. Dawa yake ni ndogo: mwambie dereva akushushe sokoni, kunywa chai, kisha tembea mwenyewe mlango hadi mlango. Masoko ni mji mdogo. Nusu saa inatosha kuona gesti nne au tano.

La pili ni saa ya kutoka. Gesti nyingi zimeandika saa nne asubuhi. Wewe umevuka kwenda kisiwani saa mbili na utarudi saa nane mchana. Begi liko chumbani. Kwa mwenye gesti, umeingia siku ya pili. Mimi mwenyewe niliwahi kutozwa nusu ya bei katika gesti moja kwa kuchelewa dakika arobaini, na mhudumu alikuwa sahihi, kwa kuwa bango lilikuwa nyuma ya mlango nami sikulisoma. Tangu hapo, kabla sijatoa hata shilingi, huuliza: "Nikirudisha ufunguo asubuhi, begi naweza kuliacha mapokezi?" Wengi hukubali bila malipo. Anayekataa, nenda kwa jirani yake.

La tatu ni remoti. Chumba kina kiyoyozi ukutani, umefurahi, umelipa bei ya feni. Usiku joto linapanda, unaulizia remoti, unaambiwa uongeze 10,000. Uliza mapema kama bei ni ya feni au ya kiyoyozi. Na angalia kalenda kabla ya kukilipia. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi linavuma, usiku kuna ubaridi wa bahari, na feni inatosha kabisa; kiyoyozi miezi hiyo ni kutupa fedha. Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto la Kilwa ni zito na linakaa hadi alfajiri. Hapo, kama una mtoto mdogo au mzee, lipia kiyoyozi usijute, lakini uliza kwanza kama kuna jenereta. Bila hiyo, umeme ukikatika umelipia boksi jeupe ukutani.

La nne ni mtu wa pili. Hili linawashangaza vijana wanaosafiri wawili wawili. Gesti nyingi zina sharti kwamba wanaume wawili hawalali chumba kimoja. Mpango wenu wa kugawana 25,000 unaanguka mapokezi, na mnajikuta mnalipia vyumba viwili. Kwenye nyumba nyingine mume na mke nao hutozwa nyongeza, au chai inakuwa ya mtu mmoja tu. Marafiki wawili wa kiume wakija Kilwa, wapige hesabu ya vyumba viwili vya choo cha nje: 15,000 mara mbili ni 30,000. Ni sawa na selfu moja nzuri, na kila mmoja ana kitanda chake. Hapa ndipo bweni la hosteli lingewafaa sana, nami natamani mtu mwenye nyumba Masoko aweke vitanda sita vya ghorofa kwenye chumba kimoja. Wanafunzi wa historia peke yao wangeweza kukijaza kila likizo.

La tano ni kodi na sarafu. Kwenye loji na nyumba kubwa uliza: "Hiyo bei ina VAT ndani?" Asilimia 18 juu ya 150,000 ni 27,000, yaani usiku mzima wa selfu umepotea kwenye mstari mmoja wa risiti. Ukitajiwa bei kwa dola, iombe kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, na anayekubadilishia mwenyewe kwa mdomo huchagua kiwango kinachomfaa yeye.

Makato ya simu usiyadharau. Kutoa fedha kwa wakala kila siku kidogo kidogo kunakula zaidi kuliko kutoa mara moja. Toa za siku zote Masoko au Lindi mjini, na ubaki na noti ndogo ndogo, kwa sababu nahodha wa mashua na mama lishe hawatakuwa na chenji ya 10,000 saa moja asubuhi.

Chai, sasa. Gesti inayotangaza "na chai" huwa imeongeza elfu tatu hadi tano kwenye bei. Utapewa chapati mbili, yai na chai ya rangi. Nje ya mlango, kwa fedha hiyo hiyo au pungufu, kuna vitumbua, mihogo na supu ya pweza ya moto. Chagua chumba bila chai, isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Miji hii ni ya Waislamu kwa sehemu kubwa, na mchana wa mfungo mama lishe wengi hawapiki. Asiyefunga atashukuru kuwa na chai ya gesti asubuhi, na jioni atakula futari na wenzake kwa bei nzuri kuliko miezi mingine yote.

Kuhusu ubora, usinunue chumba kwa kuangalia tu vigae. Vigae vya sakafuni ni kitu cha kwanza kupigiwa picha na cha mwisho kukusaidia. Fungua bomba uone maji yanatoka, na kama ni ndoo, uliza nani anaijaza na saa ngapi. Onja maji hayo. Ya visima vya pwani mengine yana chumvi na sabuni haitoi povu. Mulika neti kwa tochi ya simu. Neti yenye tundu la kidole ni bure, na pwani hii malaria haina mapumziko. Kama unayo yako, ibebe. Kaa kwenye godoro, usilibonyeze kwa mkono. Funga mlango kwa ndani uone komeo linashika, maana kitasa peke yake kina funguo nyingine usizozijua ziko kwa nani. Halafu simama kimya nusu dakika usikilize kama kuna spika ya baa upande wa pili wa ukuta.

Mwanamke anayesafiri peke yake naomba asome hili polepole. Kuna gesti za kulala na kuna gesti za saa, ambazo chumba hukodishwa mchana kwa muda mfupi. Utazijua kwa wateja wasio na mizigo. Bei zake huvutia, lakini shuka hazipumziki wala mlango hautulii. Tafuta nyumba ambayo mwenyewe anaishi uani na familia yake. Pia zikwepe gesti bubu, nyumba zisizo na kibao wala kitabu cha wageni. Kile kitabu kinachouliza jina, kabila, unatoka wapi na unakwenda wapi kinachosha kukijaza, lakini likitokea la kutokea ndicho ushahidi kwamba ulilala pale. Begi likipotea kwenye gesti bubu huna pa kuanzia.

Je, loji ya ufukweni haifai kabisa? Inafaa, kwa watu maalumu. Aliyetumwa kikazi na mwajiri wake anadai risiti ya EFD aende kwenye nyumba inayoitoa, hata kama ni ghali zaidi, kwa sababu chumba cha 25,000 kisicho na risiti anaweza kukilipa mwenyewe. Wazazi wenye mtoto mchanga, au wenye mzee anayeamka mara tatu usiku, wasihangaike na choo cha uani. Na kama mko fungate, lipeni usiku mmoja wa ufukweni, usiku mwingine wote laleni kwenye selfu. Bahari ya Jimbiza haimdai kiingilio anayekuja kuogelea kutoka mjini. Baadhi ya loji hukubali mgeni apige hema uwanjani kwa sehemu ndogo ya bei ya chumba. Ukiwa na hema lako, hilo ni jambo la kuulizia kabla ya kukata tamaa.

Wengine wote nawaambia wazi: selfu yenye feni, Masoko, ndani ya dakika kumi au kumi na tano za kutembea kutoka gatini. Siku mbili ni kama 50,000. Loji ya 150,000 ni laki tatu kwa siku hizo hizo. Hiyo tofauti ya 250,000 usiirudishe mfukoni yote. Ipeleke baharini.

Maana kilichokuleta si kitanda. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji wa kisultani uliojaa biashara. Leo unakwenda kuona Msikiti Mkuu, ngome ya Gereza na kasri la Husuni Kubwa linalotazama bahari kutoka juu. Magofu hayo na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na kibali kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Ukikiacha gesti kwa usalama unaweza kutembea jua kali kurudi kukifuata.

Mashua ndiyo gharama kubwa ya siku hiyo, na hapa faida ya kweli ya hosteli inaonekana: watu wa kugawana nao. Mashua ya kukodi ina bei ile ile ukiwa peke yako au mkiwa sita. Kwa Songo Mnara, ambako safari inameza siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utakwenda au hutakwenda. Bweni lingekupa wenzako bila kuwatafuta. Gesti haikupi, lakini mhudumu wa mapokezi anajua nani kalala chumba namba nne na kaja kufanya nini. Mwulize jioni ile ile unapofika. Kwa Kisiwani peke yake, unaweza pia kusubiri mashua ya wenyeji wanaovuka na mahitaji yao. Ni nauli ndogo, ila utasubiri ijae, na ukifika upande wa pili ratiba ni yao, si yako.

Kama unaendelea kusini hadi Lindi mjini, hesabu inabadilika kidogo. Gesti ni nyingi zaidi na ushindani unashusha bei, lakini kuna majira ambayo mji unafurika. Mwanzoni mwa Agosti maonyesho ya Nane Nane ya kanda ya kusini hufanyika viwanja vya Ngongo, na chumba cha 20,000 unaweza kukikosa hata kwa 35,000. Kuanzia Oktoba wanunuzi wa korosho wanaingia. Majira hayo piga simu siku tatu kabla, na ukiombwa malipo ya awali, tuma ya usiku mmoja tu, ukihakikisha jina linalotokea kwenye simu ni lile uliloambiwa. Anayeelekea Masasi aulizie nyumba ya wageni ya abasia ya Wabenediktini pale Ndanda. Nyumba za misheni mara nyingi ni safi kuliko gesti za bei hiyo hiyo, kuna chakula cha saa maalumu na hakuna baa. Unachotoa ni uhuru wa saa: geti likifungwa, limefungwa.

Jambo moja zaidi kuhusu akiba. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ndani ya wilaya ya Kilwa, na wasafiri wakakwama njiani. Ukisafiri masika, weka fedha ya usiku mmoja wa ziada mahali ambapo hutaigusa, soksini au kwenye simu ya pili. Na anayetoka bara asisahau usiku wa Dar. Ulizia basi lako linaanzia Mbezi au Mbagala, kisha lala karibu na hapo. Kulala katikati ya jiji halafu kukodi bajaji saa kumi alfajiri kunaweza kugharimu zaidi ya chumba chenyewe.

Ukishapata wenzako wa mashua, ongeeni na nahodha usiku ule ule. Mkubaliane bei ya kwenda na kurudi, muda wa kusubiri, na idadi ya watu, mbele ya wote. Yeye ndiye anayejua saa ya maji. Akisema alfajiri, rudi gesti ulipe deni lako kabla hujalala, uombe risiti, na umwulize mhudumu ufunguo wa geti la nje unakaa wapi, kwa sababu saa kumi na moja hatakuwa macho.